Nimemwambia Baba Habari za Kupe

Kaka Deo,

Shikamoo. Sijui kama marehemu wanaamkiwa, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na nikianza kwa namna nyingine nitahisi namwandikia mtu mwingine.

Niko chumbani kwangu, huku juu nyumbani kwa mama mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, Walthamstow. Kitanda nilichokalia ni kile ulicholalia wewe. Mimi nilikuwa nalala chini kwenye godoro la wageni, na wewe ukanitania kwamba nimepanda ndege kuja Ulaya kulala sakafuni. Dirisha bado halifunguki. Ulilikagua ukasema, "Hii ni rangi tu imekamata, nitafutie kisu." Homa ikakuwahi kabla sijapata kisu cha maana. Sasa ni majira ya joto, chumba kinachemka, na nimeliacha vilevile.

Kilichonifanya nikae niandike ni hiki. Marietha nusura afukuzwe nyumbani kwako. Baba Mdogo Sirili na wenzake walitaka arudi kwao mikono mitupu na mtoto wenu Edina abaki kwenye ukoo. Mimi ndiye niliyekuwa na neno la kumwokoa mkeo, na neno hilohilo lilikuwa la kummaliza Baba. Kaka, sikuwa na pa kutokea. Nataka nikueleze nilivyofanya, kwa sababu wote wawili ni wako, na hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza kama nilikosea.

Nianzie nyuma kidogo, maana mengi yalitokea ukiwa hujitambui.

Unakumbuka chakula cha kwanza hapa chini, jikoni kwa Bi Zuhura? Ulikuwa umetoka moja kwa moja Marekani, mafunzo yamekwisha, unapita kunisalimia kabla ya kwenda nyumbani. Ulikuwa mzima kabisa. Ulikula wali, ukala mkate wa kumimina aliouweka kwa ajili ya wageni wake wa kesho yake, na ukawa unatusimulia habari za ranchi. Kwamba baridi ilipoisha kupe walitoka kwa wingi usiowahi kuuona. Ukipanua manyoya ya kondoo shingoni unawakuta wamejipanga kama maharage. Kwamba kondoo wengine walikuwa wanabaki nyuma ya kundi, vichwa chini, hawataki kutembea, na wana-kondoo wanakufa. Tajiri wako anasubiri gari la dawa ya kupulizia, na gari haliji. Ukampigia Baba simu kumweleza.

Ukaiga sauti yake, ile ya kukwaruza: "Una mikono wewe. Unasubiri nini?"

Tulicheka. Ukasema ulikaa zizini tangu asubuhi ukiwatoa mmoja mmoja na kuwatumbua kwa kucha, na Wamarekani wakawa wanakushangaa. Ukanyanyua vidole gumba vyako viwili juu ya meza, kucha nyeusi, ngozi imepasuka kwa baridi ya kule.

"We mtoto!" akasema Bi Zuhura. "Hebu ondoa madole yako hayo mezani, watu wanakula!"

"Bi Zuhura, haya madole yamesomesha watu nyumbani kwetu."

"Basi na yakaoshe vyombo."

Na uliosha kweli. Sufuria kubwa bado ina mkwaruzo ulioutia kwa kijiko.

Nakumbuka tulivyokuwa wadogo, jioni, ng'ombe wakirudi. Wewe upande wa kulia, mimi wa kushoto. Masikio kwanza, kisha shingo, kisha chini ya mkia ambako mimi sikupenda, nawe ulinisaidia bila kusema. Baba hakutaka tuwaangushe kupe chini, alisema watapanda tena, kwa hiyo kila mmoja alikuwa wa kutumbuliwa palepale kati ya kucha mbili. Nilikuwa nafumba macho. Wewe hukufumba. Baba akipita nyuma yetu alikuwa anakuangalia vidole anasema, "Deo ana kucha za mtu mzima." Mimi hakuniambia kitu, akanipa maziwa ya kwanza. Tukimaliza tulinawa kwa majivu, tukala. Hatukuugua hata siku moja.

Halafu homa. Ulisema ni uchovu wa safari. Kidonda kikatokea pembeni ya ukucha, kidole gumba cha kulia, na kwapa likavimba mpaka mkono haushuki vizuri. Ulimpigia Baba ukamweleza habari za mkono, na simu ile ndiyo iliyokuja kuzaa maneno yote. Kifua kikaanza. Nikakupeleka hospitali.

Walikupima malaria kwa kuwa tumetoka Afrika. Walikupima kifua kikuu, wakakupima virusi. Vyote hakuna. Yule dakta mwanamke, mrefu, aliyekuwa anavaa raba nyekundu, alikaa na wewe akauliza kazi yako. Ukamwambia kondoo. Akauliza kama umeng'atwa na kupe. Ukavua ile barakoa ya hewa ukamjibu kwa Kiingereza, hapana, kisha ukanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Kupe aning'ate mimi?"

Lilikuwa jibu la kweli. Hakuna kupe aliyekung'ata. Ulijibu swali uliloulizwa, nami nilikuwepo na nikaona umejibu sawasawa, kwa sababu kwa watu wa kwetu kumtumbua kupe si kuumwa na kupe, ni kumshinda. Dakta naye aliuliza swali lake vizuri. Sina lawama naye. Alikuja mwenyewe kunieleza baadaye, akiwa amekaa chini kwenye kiti, hakusimama mlangoni.

Uliondoka Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimekwenda sokoni, pale kwenye mtaa mrefu wa vibanda, kukununulia soksi nzito, kwa sababu ulilalamika miguu. Soksi ninazo. Zina karatasi yake bado.

Siku chache baadaye simu yako ikalia ndani ya begi. Nikapokea. Alikuwa tajiri wako wa kule ranchini, anaongea haraka, nikamwomba apunguze. Alisema wanyoaji manyoya wawili wameugua, daktari wa kule ameutambua ugonjwa, wametibiwa, wanaendelea vizuri. Alitaka kukuonya. "Mwambie aende hospitali leo," akasema, "asingoje kesho."

Nilimwambia kwamba ulikwenda.

Nikapeleka habari kwa dakta wa raba nyekundu, wakatuma damu yako kwenye maabara nyingine, na majibu yakachukua muda mrefu. Kumbe unaitwa tularemia. Wengine wanauita homa ya sungura, lakini si wa sungura peke yao. Kondoo wanaupata, kupe wanaubeba, na mtu anaupata kwa kung'atwa, au kwa kumchuna mnyama mgonjwa, au kwa kumpasua kupe kwa mikono yenye mipasuko. Hayo ya mwisho dakta aliyasema polepole huku akiniangalia, kwa kuwa nilikuwa nimeshamsimulia. Dawa yake ipo, akasema, na ni ya kawaida, ila siyo zile walizokuwa wanakupa. Nikamuuliza kama na kwetu upo. Akasema kwa anavyojua yeye haujulikani huko, kupe wa kwetu wana magonjwa yao mengine. Nilimshukuru. Nikapanda basi la kurudi nikapitiliza kituo.

Wakati majibu hayo yanakuja, wewe ulikuwa umeshazikwa.

Sikuweza kuja na wewe. Pasipoti yangu iko Uhamiaji na ombi la kuongeza viza, na nikitoka nje ya nchi ombi linahesabika nimelifuta, na kazi inakwenda nalo. Nilikufikisha mpaka kwa watu wa mizigo, nikatia sahihi, nikageuka. Mazishi yako nimeyaona kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari. Bi Zuhura alikaa pembeni yangu akisoma dua zake za Kiislamu, nami nikiwa na rozari. Akasema, "Mungu atapanga mwenyewe ipi aanze kuipokea." Mtandao ulikuwa unakata. Nilimwona Baba mara moja tu, amesimama na koti lake la kanisani, mikono ameikunja nyuma.

Jeneza halikufunguliwa. Hospitali iliandika lisifunguliwe. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza, Deo. Kwa nini tusimwone? Baba Mdogo Sirili aligonga kifuniko kwa vidole mara mbili kama mtu anayepima tikiti maji, na hilo nililiona vizuri, mtandao haukukata.

Wakaanza kuunganisha. Mkono ulivimba tangu kidole hadi kwapa, wewe mwenyewe ulimwambia Baba. Kidonda kilianzia kidole gumba. Na kabla ya hapo Marietha alikuwa amekutumia kifurushi kwa mkono wa msafiri: mlenda wa kukausha, na kopo la samli aliyoisafisha mwenyewe upake mikono isipasuke. Wakasema samli ile ilitiwa kitu. Wakasema mke gani anamtumia mumewe samli ya kupaka badala ya kula. Waliokuwa wanakula kwake wakaacha kula. Akipika uji wa matanga unabaki kwenye sufuria. Edina akawa anaitwa akale kwa shangazi. Na Baba Mdogo akatangaza kwamba siku ya arobaini ukoo utakaa, na mwanamke atafungashiwa.

Majibu yalipotoka nilifurahi, kaka, nakwambia ukweli. Nilifikiri nimepata pa kutokea. Nikampigia Baba Mdogo, nikamweleza kwamba ni ugonjwa wa kondoo, unaletwa na kupe, una jina, na hospitali imethibitisha. Nikaishia hapo. Kutumbua sikukutaja.

"Kupe walimng'ata wapi?" akaniuliza.

Nikasema si lazima alama ionekane.

"Leokadia mwanangu, Deo mwenyewe alimwambia baba yako kwa simu, hajang'atwa na kitu. Sasa wewe ulikuwa chini ya blanketi unahesabu? Na mbona kidonda kilianzia palepale kidoleni, mkono uleule wa kuchota samli? Hao kupe wa Ulaya wamesoma, wanachagua kidole?"

Watu waliokuwa karibu naye wakacheka. Akaongeza kwa upole, kama anavyoongea akishajua ameshinda: "Una uchungu. Pumzika. Mambo ya huku tuachie sisi."

Basi nikaelewa kwamba nusu ya ukweli haitoshi. Kinachotakiwa ni kidole gumba. Na kidole gumba hakielezeki bila kusema ulifanya nini kwa vidole vyako, na hilo halielezeki kwa Baba bila yeye kukumbuka mara moja alichokwambia kwenye simu. Una mikono wewe. Unasubiri nini?

Nilitembea na jambo hilo wiki nzima. Nilikwenda nalo kazini, kwa wazee wangu ninaowatunza, nyumba hadi nyumba. Kuna bibi mmoja ninayemkata kucha. Nilimkata vidole vinne vya mkono wa kulia, nikafika gumba, nikaishika mikono yake nikashindwa kuendelea. Akaniuliza kama mkasi umeharibika. Nikamwambia ndiyo. Jioni nilitakiwa kushuka stesheni, treni imefika mwisho wa reli, watu wote wanatoka, nami nimekaa tu mpaka mfanyakazi anagonga kioo. Nikienda huku, Marietha. Nikienda kule, Baba. Nilitamani nipande ndege niende nikaseme mbele yake, nimshike mkono wakati namwambia, lakini hata hilo lilikuwa limefungwa ndani ya bahasha kwenye ofisi nisiyoijua iko wapi.

Bi Zuhura nilimweleza akiwa anakaanga samaki.

"Hapo ulipo, miye ningenyamaza," akasema. "Babako mtu mzima. Mwache afe na mtoto wake akiwa kafa kwa nimonia, kama walivyosema mwanzo hospitali."

"Na wifi yangu?"

"Wifi yako kijana. Ataolewa."

"Na Edina?"

Akageuza samaki. Akageuza tena, na hakuwa ameiva upande ule. "Hapo sasa umenibana," akasema. Kisha akanigombeza kwa kusimama karibu na mafuta ya moto.

Nikampigia Marietha. Unajua tulivyo, mimi na yeye hatukuanza vizuri. Uliponitambulisha kwake nilimwuliza kama anajua kukamua, akanijibu, "Kwani naolewa na ng'ombe?" na miaka ikapita kabla sijamsamehe kwa kuwa alinishinda maneno. Nilitaka kumwambia ninachokijua, akanikata.

"Najua, wifi. Deo aliniambia alivyoambiwa na Baba. Alinipigia akicheka kutoka hukohuko zizini, kondoo wanalia."

"Unajua na hujasema?"

"Nimseme nani? Nikifungua mdomo mimi, watasema nimemsingizia mzee ili nipone. Na hata wangeniamini, Baba ndiye peke yake anayenisalimia asubuhi. Anasimama pale kwenye ua, anasema, mmeamkaje humo ndani, anaondoka. Nimtwishe hilo mimi?"

Nikamuuliza atafanya nini siku ya arobaini.

"Nitafunga nguo," akasema. "Lakini Edina, wifi. Edina nitamfunga na nini?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akakaa kwenye simu akinisubiri nimalize, salio likiniishia.

Nadhani ni kule kusubiri kwake. Nilijua kwamba kama yeye amenyamaza kwa ajili ya Baba, na mimi nikanyamaza kwa ajili ya Baba, basi tumeshirikiana kumwacha Edina bila mama, na Baba angekuwa ndiye sababu bila kuulizwa. Baba hajawahi kukubali kufanyiwa jambo bila kuulizwa.

Nikampigia siku mbili kabla ya kikao. Unajua lazima apande kile kichuguu nyuma ya zizi ndipo simu ishike vizuri. Nilimsikia akihema, akakaa. Nikamwamkia. Akaniuliza habari za huku, za kazi, za yule mama mwenye nyumba. Kisha nikasema.

"Baba, nina habari ya kilichomuua Deo. Ni kupe."

"Sirili aliniambia umesema hivyo. Lakini hakung'atwa."

"Hakung'atwa, Baba."

Kengele za ng'ombe zilikuwa zinasikika. Nilimwambia ugonjwa ulikuwa ndani ya kupe wale wa kule, kwamba wa kwetu hawana, kwamba dakta amesema hata yeye asingejua, kwamba hakuna mtu yeyote hapa wala pale ambaye angejua. Nilisema hivyo mara nyingi kabla ya kufika penyewe. Akaniacha niseme.

"Aliwatumbua," akasema yeye. Hakuniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa kucha."

"Ndiyo."

Nikadhani mtandao umekata. Nikaita Baba, Baba.

"Nipo," akasema. Halafu: "Basi alinisikia."

Nilimsikia akishuka, udongo ukiporomoka chini ya viatu vyake, simu ikiwa wazi mkononi. Nikawa nasikiliza miguu ya Baba ikitembea. Niliisikiliza mpaka akakumbuka kuikata.

Siku ile sikulala, wala sitakueleza.

Ya kikao nimesimuliwa na Marietha. Walikaa uani kwako, viti vya kukodi. Baba Mdogo akaanza tangu mwanzo, kifurushi, samli, kidole. Baba alikuwa amekaa mwisho. Walipofika mahali pa kumwita Marietha asimame, Baba akasimama yeye.

Akasema, "Kondoo walikuwa na kupe. Mtoto akanipigia. Nikamwambia ana mikono, anasubiri nini. Akaenda akawatumbua kwa kucha kama nilivyomfundisha, na kupe wa kule wana sumu kwenye damu. Kidole mnachokisema ni hicho. Samli ilikuwa inamtibu."

Baba Mdogo akasema, "Kaka, unamkinga mkwe wako."

"Sirili, mimi na wewe tumefundishwa na mtu mmoja, zizi moja. Toa vidole vyako tuvitazame."

Marietha anasema Baba Mdogo aliangalia vidole vyake kweli, kama vile hajawahi kuviona.

"Kama leo kuna wa kufungashiwa kwa ajili ya Deo," Baba akasema, "nifungasheni mimi. Nguo zangu si nyingi." Kisha akamgeukia Marietha mbele ya watu wote: "Mama Edina, uji upo?"

Ulikuwepo. Akaunywa bakuli mbili amesimama, na moto wake, machozi yakimtoka. Watu wakadhani ni kwa sababu ya moto, au wakaamua kudhani hivyo. Shangazi akafuata kuomba wake. Mwisho wake Baba Mdogo naye akanywa, akauliza kama kuna sukari, na Marietha akamwambia ya pale imekwisha, aje na ya kwake kesho. Unamsikia mkeo? Edina analala kwa mama yake tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mkeo yupo nyumbani kwako. Hilo nililitaka na limekuwa.

Lakini Baba, kaka. Tangu kikao aliacha kuingia zizini. Akasema macho yamepungua, akamwajiri mtu wa kuchunga. Marietha anasema anakaa barazani ameweka mikono chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Nikimpigia anapokea, anajibu, salama, salama, salama. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu, ningekuwa na kitu cha kujibu. Na mimi niko huku nyuma ya dirisha lisilofunguka na siwezi kwenda hata kukaa tu pale barazani. Nikienda kazini naenda na Baba, nikirudi narudi naye. Kuna siku nasema nilifanya sawa na kuna siku nasema nilimchukua Edina kutoka kwa Baba Mdogo nikamlipia kwa Baba. Zote mbili nazisema kwa sauti ileile.

Nikabuni jambo. Sijui kama ni la akili. Nampigia kila siku saa ya kukamua, na simwulizi hali. Namwuliza ng'ombe. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika amezaa? Anasema, sijui. Nasema, Baba nenda kamwangalie, nasubiri. Mwanzo alikuwa anamtuma mtu. Nikasema mtu huyo hajui kuangalia, ataniambia uongo. Akaguna. Siku nyingine nikauliza ndama ana rangi gani miguuni, siku nyingine kama masikio yake ni safi, na pale kwenye masikio nikajuta mara tu nilipouliza, lakini sikukata.

Jana alisema, "Ngoja basi, wewe mtoto una usumbufu." Akaiacha simu juu ya kichuguu, wazi. Nilikuwa kituo cha basi, magari yanapita, nimeziba sikio jingine. Nikasikia mlango wa zizi. Nikasikia sauti ya Edina, yuko naye. Halafu nikamsikia Baba, kwa mbali, kwa ile sauti ya kukwaruza, anapiga kelele:

"Si kwa mkono! Si kwa mkono, mama! Chukua kijiti. Mdondoshee ndani ya kopo la mafuta ya taa. Hivyo. Sasa sikio la pili."

Basi langu likaja nikaliacha lipite. Na lililofuata nikaliacha.

Lala, kaka. Soksi nitazileta mwenyewe pasipoti ikitoka, na nitakuja kwako kabla sijaingia kwa mtu yeyote. Mpaka hapo nakuahidi hili ninaloliweza: saa ya kukamua, kila siku, simu ya Baba italia, na nitamtafutia swali ambalo hawezi kulijibu mpaka aingie zizini.

Wako, mdogo wako,

Leokadia